Jua Utakapotua Kabla Hujaruka

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, siku ile baridi ya Mbeya inapomfanya mtu aongee huku mikono imo makwapani, mpwa wangu alinivuta hadi kwenye banda la gemu lililojificha nyuma ya maduka, hapa hapa Ilomba. Ana miaka 13. "Mjomba, leo utaniona," aliniambia njiani. Ndani kulikuwa na televisheni tatu. Mbili zilikuwa na mpira, na vijana walijipanga nyuma yake wakisubiri zamu. Ya tatu ilikuwa na gemu la skeiti, Tony Hawk's Pro Skater 3, kwenye PS2 ya siku nyingi, na hakuna aliyeigombea. Mpwa wangu akatoa shilingi 500, akapewa nusu saa.

Nilikaa kwenye benchi nikamtazama. Kila alipoanza alikimbilia mteremko mrefu kuliko yote, akaruka, akabonyeza vitufe vyote kwa mkupuo, akaanguka. Akainuka, akarudia yale yale, akaanguka tena. Nusu saa ilipokwisha hakuwa amekamilisha lengo hata moja. Tulipotoka nje alikuwa kimya mpaka tunafika nyumbani, ndipo akasema, "Mjomba, hili gemu linakula hela."

Katikati ya wiki nilichukua daftari nikamwandikia kila ninachokijua kuhusu magemu haya, maana na mimi nilipokuwa na umri wake nilimaliza shilingi nyingi Mwanjelwa kwa kuanguka vivyo hivyo. Makala hii imetoka kwenye daftari hilo. Nawaandikia vijana wanaocheza, wazazi wanaotoa hela, na wenye mabanda wanaozipokea. Ushauri wangu wote umejengwa juu ya neno moja nililoliandika ukurasa wa kwanza: jua utakapotua kabla hujaruka.

Kwa nini una dakika mbili tu

Anza kwa kuielewa saa iliyo juu ya kioo. Magemu ya skeiti yalikulia kwenye mashine za kulipia. Mwaka 1986 kampuni ya Atari ilitoa gemu liitwalo 720°, ambalo lilichezwa kwa kutumbukiza sarafu. Mchezaji alizunguka mji wa skeiti akitafuta viwanja vya mashindano, na akichelewa, kundi la nyuki wauaji lilitokea na kumfukuza. Nyuki walikuwepo kwa sababu mashine ilitaka zamu iishe na sarafu nyingine iingie.

Mwaka 1999 kampuni ya Neversoft ilitengeneza Tony Hawk's Pro Skater, ikasambazwa na Activision kwa ajili ya PlayStation ya kwanza. Nyuki hawakuwepo tena, lakini tabia ya mashine za sarafu ilibaki: kila mzunguko ni dakika 2. La pili lilitoka mwaka 2000, la tatu mwaka 2001, na yote mawili yakaendelea na saa hiyo hiyo.

Sasa piga hesabu ya banda. Nusu saa ina mizunguko 15 kwenye karatasi. Toa muda wa gemu kufunguka, muda wa kuchagua mchezaji, na muda wa kubishana na aliye pembeni yako, unabaki na mizunguko kama 12. Kijana anayeingia na mizunguko 12 bila mpango ni sawa na mtu aliyetumwa sokoni na noti bila kuambiwa anunue nini. Mimi namshauri aigawe hivi: mizunguko 3 ya kuijua sehemu, 6 ya malengo, na 3 ya mwisho ya kucheza na mwenzake. Ukiwa na dakika 15 tu, gawa kwa nusu, ila usiondoe ile ya kuijua sehemu. Hiyo ndiyo inayolipia nyingine zote.

Chagua modi kabla hujashika pedi

Gemu likifunguka linakuletea orodha, na vijana wengi hubonyeza cha kwanza wanachokiona. Simama usome. Majina yameandikwa kwa Kiingereza, lakini ukishayajua mara moja hayakusumbui tena.

Free Skate ni kucheza bila saa na bila malengo. Hakuna anayekuhesabia. Wengi huidharau wakisema ni ya watoto, wakati ndiyo darasa la gemu zima. Ingia humo ukiwa na swali moja kichwani: hapa pana nini? Zunguka ukuta kwa ukuta. Tafuta reli zote, ngazi zote, vilima vyote, na njia za kupandia juu ya mapaa. Usifanye mbwembwe yoyote. Mgeni akifika Mbeya, kabla hajaanza biashara Soko la Mwanjelwa, kwanza huuliza njia ya kuingilia na ya kutokea. Fanya hivyo hivyo.

Single Session ni dakika 2 za kutafuta alama nyingi, bila malengo mengine. Nzuri kwa mazoezi ya mikono ukishaijua sehemu, lakini haikufungulii kitu kipya. Ukiona nusu saa yako yote inaishia humo na huku unalalamika kwamba levo hazifunguki, tatizo ndilo hilo.

Career Mode ndiyo safari yenyewe. Hapa kila sehemu ina orodha ya malengo, na ukiyatimiza unafunguliwa sehemu nyingine. Katika gemu la kwanza, kila lengo lilikupa kanda ya video, kanda 5 kwa kila sehemu ya kawaida. Katika la pili ulipewa fedha za kwenye gemu. Malengo mengi yanafanana popote: kufikisha alama fulani, kukusanya herufi tano za neno SKATE zilizotawanywa, kutafuta kanda iliyofichwa, na kuvunja au kugusa vitu vitano vya aina moja. Katika Warehouse, ghala lile la mwanzo la gemu la kwanza, unatakiwa uvunje maboksi 5. Alama za kwanza ni 5,000 na za pili ni 15,000.

Hapa pana jambo ambalo laiti ningeambiwa nikiwa mdogo. Huhitaji kuyatimiza malengo yote kwenye mzunguko mmoja. Lengo ulilolimaliza limeandikwa, halifutiki kwa sababu mzunguko unaofuata umeanguka. Kwa hiyo kila mzunguko uwe na kazi moja. Huu ni wa herufi. Huu ni wa maboksi. Huu ni wa alama. Kijana anayejaribu kukusanya herufi huku akitafuta alama na kuchungulia kanda iliyofichwa hutoka bila hata kimoja, maana mshika mawili moja humponyoka. Tahadhari moja tu: herufi zote tano sharti zikusanywe ndani ya mzunguko mmoja, na vile vitu vitano vivyo hivyo. Ukikosa herufi ya kwanza kabisa, usimalize dakika mbili kwa hasira. Bonyeza Start, anza upya.

Ukikutana na gemu la nne, la mwaka 2002, usishtuke kuona saa imeondolewa kwenye safari. Humo unatembea huru, unamkuta mtu amesimama, unaongea naye, naye anakupa kazi. Gemu lililofuata, Underground la mwaka 2003, likaenda mbele zaidi: lina hadithi ya kijana anayeanzia mtaani kwao New Jersey, na unaweza kushuka kwenye ubao ukatembea kwa miguu. Haya ni mazuri nyumbani, ambako hakuna anayekuhesabia dakika. Bandani, gemu lenye mizunguko ya dakika 2 linakupa faida zaidi kwa hela yako, kwa sababu kila mzunguko una mwanzo na mwisho unaoweza kuupanga.

Levo ni za aina tatu, na kila moja ina akili yake

Watu huzungumzia levo kana kwamba ni ngazi, ya pili ngumu kuliko ya kwanza, ya tatu ngumu kuliko ya pili. Kwenye skeiti si hivyo sana. Tofauti kubwa ni umbo la sehemu.

Aina ya kwanza ni uwanja wa kuzunguka. Ghala la gemu la kwanza, Hangar la gemu la pili, Foundry la gemu la tatu, ambalo ni kiwanda cha kuyeyushia chuma: zote ni sehemu unazoweza kuzizunguka na kurudi ulikotoka. Ukikosa reli mara ya kwanza, geuka urudi. Hapa chora duara lako: anzia palipo juu, pita kwenye reli mbili au tatu unazoziamini, fika kwenye kilima, geuka, rudi kwa njia nyingine. Ukishakuwa na duara linalochukua kama nusu dakika, una nafasi nne za kulirudia kwenye mzunguko mmoja. Herufi za SKATE utazikuta ziko pembezoni mwa njia kama hiyo.

Aina ya pili ni mteremko. Mall ya gemu la kwanza, Downhill Jam ya gemu hilo hilo, na Airport ya gemu la tatu: unaanzia juu, sehemu inakuvuta kwenda chini, na kupanda tena ni taabu. Aliyewahi kushuka na baiskeli isiyo na breki za uhakika kwenye miteremko yetu ananielewa. Ukipitwa na kitu, kimekupita. Hapa kupanga ni lazima. Kabla ya kuanza amua ni upande gani utashukia, kulia au kushoto, na kwamba upande mwingine ni wa mzunguko unaofuata. Kasi yenyewe inakuja bure, usiiongeze. Kazi yako ni kuelekeza.

Aina ya tatu ni mashindano. Chicago, Burnside na Roswell kwenye gemu la kwanza. Rio, Skater Island na Tokyo kwenye la tatu. Saa inakuwa dakika 1 kwa raundi, majaji wanatoa alama, na unashindania medali. Hakuna herufi wala maboksi. Majaji wanapunguza alama kwa kila unapoanguka, na hapo ndipo mpwa wangu na wenzake wanapokwama, kwa sababu wamezoea kuanguka bila gharama. Raundi ya kwanza cheza kwa usalama kabisa, vitu vidogo unavyoviweza, bila kugusa sakafu kwa mgongo. Ukiwa na raundi safi mkononi, ndipo ya pili uthubutu.

Jambo hili ni la kweli hata nje ya gemu. Skeiti iliingia kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza Tokyo, mwaka 2021. Kwenye mashindano ya mtaani ya wanawake, dhahabu ilikwenda kwa Momiji Nishiya wa Japani, aliyekuwa na miaka 13, umri ule ule wa mpwa wangu. Kila mshindani alipewa mizunguko 2 ya sekunde 45 na majaribio 5 ya mtindo mmoja mmoja, na alama 4 bora ndizo zilizohesabiwa. Aliyepanga lini acheze salama na lini athubutu alikuwa na nafasi kubwa kuliko aliyethubutu kila mara.

Alama zinazoelea bado si zako

Sasa tufike kwenye kiini. Ukiruka na kufanya mtindo, alama zinatokea chini ya kioo. Zitazame vizuri: zinaelea pale, hazijaingia kwenye jumla yako. Zinaingia ukitua tu. Ukiunganisha mitindo bila kukatiza, yaani kombo, gemu linajumlisha thamani za mitindo yote, kisha linazidisha kwa idadi yake. Tuseme umefanya mitindo mitatu ya 100, 300 na 500. Jumla ni 900, mara 3, unapata 2,700. Ukiongeza kidogo tu cha 100, jumla inakuwa 1,000, mara 4, unapata 4,000. Kitu cha mia moja kimekuletea 1,300. Ndiyo maana mkono unawasha kuongeza kimoja tena, na kimoja tena. Halafu unaanguka, na zote zinakuwa sifuri.

Mwerevu huiangalia ile hesabu inayoelea akajiuliza: nikitua sasa, lengo langu linatimia? Kama lengo ni 15,000 na zinazoelea pamoja na ulizonazo zinafika 16,000, tua. Kuna siku ya kutafuta laki, lakini leo si yake. Haba na haba hujaza kibaba, na kwenye gemu hili kombo tano ndogo zilizotua zinashinda moja kubwa iliyomwagika.

Kutua kwenyewe kuna ufundi wake, na ni mambo manne. La kwanza, achia kitufe kabla magurudumu hayajagusa chini. Ukigusa ardhi mkono ungali umeshika ubao, utaanguka hata ukiruka vizuri namna gani. La pili, ubao uelekee mbele au nyuma. Ukitua umekingama, umekwisha. La tatu, hesabu urefu wa kuruka: mtindo wa miguu kwa kitufe cha mraba ni mfupi, mtindo wa kushika kwa kitufe cha duara unakaa kadiri unavyoshikilia. Kwenye kilima kidogo tumia mfupi. La nne, ukiwa juu ya reli, angalia mshale wa mizani, usimtazame mchezaji. Kwenye reli unasahihisha kwa kulia na kushoto. Ukitembea kwa magurudumu mawili unasahihisha kwa juu na chini. Gusa kidogo kidogo. Anayekandamiza hupinduka upande wa pili.

Kutembea kwa magurudumu mawili huko huitwa manyuali, na kulianza kwenye gemu la pili: bonyeza juu kisha chini haraka kabla ya kutua. Kazi yake ni kukuvusha kutoka reli moja hadi nyingine bila kukata kombo. Gemu la tatu likaongeza riverti: ukitua kutoka kwenye kilima, unabonyeza R2 wakati huo huo, mchezaji anajigeuza, na kombo inaendelea kwenye manyuali. Jifunze kwa mpangilio huo: kwanza kutua, kisha reli, kisha manyuali, riverti mwisho. Wengi wanaanza na riverti kwa sababu wameiona kwa mkubwa fulani, na wanaruka hatua tatu.

Jambo jingine: ukirudia mtindo ule ule, thamani yake inapungua kila mara. Kuwa na mitindo minne au mitano unayoiweza kweli, uizungushe. Na ule mstari unaojaa rangi kadiri unavyotua vizuri ni akiba ya mitindo mikubwa, ukianguka unaisha. Ukiona umejaa, usiutumie papo hapo kwenye kilima cha kwanza. Nenda nao hadi mahali unapopajua.

Mkiwa wawili

Hapa ndipo banda linapokuwa tamu, na ndipo ugomvi unapozaliwa. Chagueni modi inayowafaa wote.

Trick Attack ni kushindana kwa alama ndani ya muda mmoja, kioo kimegawanywa. Inafaa walio sawa uwezo. Mkubwa akimpeleka mdogo wake humo, atamshinda mara kumi, na mdogo hatajifunza chochote isipokuwa kununa.

Graffiti ni kuteka vitu: ukifanya mtindo kwenye reli, inapata rangi yako, na mwenzako anaweza kukunyang'anya kwa kufanya mtindo wa alama nyingi zaidi pale pale. Inampa nafasi asiye na kombo kubwa, kwa sababu anaweza kuzunguka akiteka vitu vingi vidogo. Aliyepita Free Skate kwanza humshinda hapa mwenye mikono mepesi.

HORSE ni ya zamu. Mmoja anafanya mtindo, mwenzake anatakiwa amzidi; akishindwa anapewa herufi, na neno likikamilika ametoka. Mkiwa na televisheni ndogo, chezeni hii, kwa sababu hakuna anayebanwa kwenye nusu ya kioo. Tena anayesubiri zamu anaona mwenzake anavyofanya, na humo mna kujifunza kwingi. Kaka mkubwa, mfundishe mdogo wako kwa HORSE: anza na mtindo rahisi anaouweza, kisha uongeze kidogo kidogo.

Kadi, diski na umeme

Mchezaji wa banda asiye na memori kadi yake anaanza safari upya kila siku. Tafuta yako, hata iliyotumika, uiweke mfukoni kama unavyoweka kitambulisho. Lakini elewa hili kabla hujanunua: PS2 inasoma diski za PlayStation ya kwanza, ila magemu hayo ya zamani yanahifadhi safari kwenye kadi ya PlayStation ya kwanza, siyo ile ya PS2. Ukiwa unacheza gemu la kwanza au la pili kwa toleo la PS1, uliza kadi ya zamani. Ukiwa unacheza la tatu kwa PS2, nunua ya PS2. Nimeona vijana wakirudisha kadi nzima dukani wakidhani ni mbovu.

Umeme unaweza kukatika muda wowote, kwa hiyo hifadhi kila baada ya lengo moja, usingoje mwisho. Gemu likiwa bado linahifadhi, usichomoe kitu. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Na vumbi letu la kiangazi ni adui wa lenzi kuliko hata mikwaruzo; mwenye banda afunike mashine usiku.

Kwenye simu

Wengi hawafiki bandani, wanacheza kwenye simu ya mama. True Skate, lililotoka mwaka 2012, linatumia vidole kama miguu: kidole kimoja kinasukuma, na mkwaruzo mfupi kwenye mkia wa ubao unaurusha. Linadai utulivu, na kombo si mwanzo wake; tumia siku ya kwanza yote kusukuma na kutua tu. Subway Surfers, la mwaka huo huo, lina ubao pia, lakini ni mbio zisizo na mwisho. Halina mahali pa kufika, kwa hiyo mwisho uuweke wewe: mbio tano, kisha simu irudi kwa mwenyewe.

Mama, kabla ya kumpa mtoto simu, weka nywila kwenye ununuzi. Magemu mengi ya bure yanauza vitu ndani yake, na kidole cha mtoto hakijui tofauti ya sarafu za gemu na za kwako. Pakua mara moja ukiwa na bando la kutosha, kisha zima data akiwa anacheza. Matangazo mengi yatapungua na bando litabaki.

Neno kwa mzazi na kwa mwenye banda

Mzazi, usimwulize mtoto "umeshinda?" Muulize "leo ulipanga kufanya nini, na umefanya?" Akikujibu kwamba alitaka herufi tano akapata nne, huyo anajifunza. Mpe hela kwa siku moja ya wiki inayojulikana, aijue mapema, apange. Na nenda ukalione banda mara moja. Salimia, keti, tazama. Mtoto anayejua kwamba mama yake au mjomba wake analifahamu banda hilo hucheza kwa adabu.

Mwenye banda, ndugu yangu, kazi yako ni halali na inawalea watoto wa watu. Usipokee aliyevaa sare saa za masomo. Bandika karatasi ukutani yenye maana za maneno ya kwenye orodha kwa Kiswahili. Umeme ukikatika katikati ya zamu, mpe mtoto dakika zake siku nyingine. Atarudi, na atakuja na wenzake. Na gemu la skeiti lisilogombewa, lipe bei nafuu asubuhi za Jumamosi kwa wanaoanza.

Ubao wa kweli na barabara

Kuna watakaotaka kuujaribu ubao wenyewe, na si ndoto tu. Kampala, mtaa wa Kitintale, vijana wana uwanja wao wa skeiti tangu miaka ya 2000. Nairobi, Shangilia, kwenye makao ya watoto Kangemi, uwanja ulijengwa mwaka 2013. Na sisi wenyewe tumekua tukiunda vigari vya mbao vyenye beringi za kuokota gereji, tukishuka navyo vichochoroni.

Ndiyo maana nasema hili kwa uzito wote: barabara kuu ya TANZAM inayopita Ilomba si levo. Malori yanayotoka na kwenda Tunduma ni mazito, na lori lililojaa mzigo kwenye mteremko halina uwezo wa kusimama kwa sababu ya mtoto. Bajaji na bodaboda zinachomoza bila kutarajiwa. Ukiwa na ubao, tafuta sakafu tambarare ya simenti iliyozungushiwa ukuta, uombe ruhusa ya mwenyewe. Kofia ngumu kichwani, viatu vilivyofungwa, na wiki mbili za kusukuma na kusimama kabla ya kuruka. Kwenye gemu, mchezaji akianguka anainuka mwenyewe baada ya sekunde mbili. Mfupa unachukua wiki nyingi.

Jumamosi ya pili

Tulirudi bandani na daftari. Mpwa wangu alifungua Free Skate, akazunguka Foundry bila kuruka hata mara moja, na vijana wa televisheni ya mpira wakamcheka kwamba anatalii. Hakuwajibu. Alipoingia Career Mode alichukua herufi kwenye mzunguko wa tatu, lengo la kwanza la alama kwenye wa tano. Kila alipoanza alininong'oneza kazi ya mzunguko ule, kama mtu anayejikumbusha alichotumwa.

Mzunguko wa mwisho alikuwa amebakiza alama chache kufikia lengo la pili. Saa ikafika sifuri akiwa hewani. Ninalipenda gemu hili kwa jambo hili: saa ikiisha ukiwa juu, halikukatizi, linakusubiri utue ndipo lihesabu. Kule juu ya kioo paliandikwa 0:00, na chini yake hesabu ilikuwa inaelea. Reli nyingine ilikuwa mbele yake, karibu kabisa. Nilimwona kidole gumba kikisogea kuelekea kitufe cha pembetatu cha kushika reli, kikasita, kikarudi. Akanyoosha ubao, akatua, na alama zikaingia.